"Ile muziki ya kwenye pub inaitwaje?" Namna ya kutafuta muziki wenye hauna maneno



Kazi yangu hapa Mulongwe ni kupiga na kupanga video: ndoa, mahari, siku za kutetea TFC, na mara moja moja filamu fupi za mashirika. Kwa hiyo hakuna juma linapita bila mtu kunitumia kwenye WhatsApp sauti ya sekunde kumi, na swali ni lilelile: "Yaya, hii muziki ya ile pub inaitwaje?" Nafungua. Nasikia jenereta ya jirani, nasikia mtoto analia, nasikia mtangazaji anauza sabuni ao unité kwa sauti ya juu, na chini kabisa, kwa mbali, gitaa ao piano inapita. Hakuna neno hata moja la kuimba.

Nyimbo yenye maneno si shida. Unashika mstari mmoja, unauandika kwenye Google, jibu linakuja hata kama umekosea herufi. Muziki wa vyombo tupu hauna pa kushikia. Huwezi kuandika "tin tin tiri tin" kwenye simu na kutegemea miujiza. Njo maana watu wanabaki na muziki kichwani miaka na miaka, wanaujua kuliko namba yao ya matrikule, na hawajui hata ulitoka nchi gani.

Leo nataka kueleza namna unavyotafutwa, na kwa nini mara nyingine haupatikane.

Tuanze na muziki wenye sisi wote tunaujua bila kuujua: ile sauti fupi ya Airtel. Niliuliza vijana kumi na wawili hapa kwetu nani aliitunga. Wengi walisema "ni ya kampuni", kama vile kampuni iko na vidole vya kupiga kinanda. Mwenye aliitunga ni A. R. Rahman, Muhindi wa Chennai, ule mwenye alipewa Oscar mbili mwaka 2009 kwa muziki wa filamu Slumdog Millionaire. Aliitunga 2002 kwa ajili ya Airtel ya kule India. Mwezi wa 6 mwaka 2010 Bharti Airtel ikanunua mitandao ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10,7, na yetu ilikuwamo, ile yenye wazee wanaita hadi leo Celtel. Novemba ya mwaka huo kampuni ikabadilisha alama yake, na Rahman akatengeneza toleo jipya la muziki uleule. Kwa hiyo mama mwenye anauza ndagala sokoni na simu yake ikalia ile sauti, anabeba mfukoni kazi ya mmoja wa watunzi wakubwa wa dunia. Hiyo ilikuwa rahisi kuijua, sababu kampuni yenyewe inajisifia. Ukitafuta muziki wa kampuni kubwa, anza paka hapo: jina la kampuni, mwaka, na neno "mtunzi" kwa Kifaransa ao Kingereza. Nusu ya maswali yenye napokea yanaishia hapo.

Ya pili ni ya simu pia. Ule mlio wa Nokia, wa zile simu za tochi zenye tulikua nazo, haukutengenezwa na Nokia. Ni kipande kidogo cha Gran Vals, muziki wa gitaa wenye Francisco Tárrega, Muhispania, aliandika mwaka 1902. Tárrega alikufa 1909, bila kuona simu ya mfukoni. Miaka ya 1990 wakubwa wa Nokia wakachagua kile kipande, na simu ya kwanza kulia nacho ilikuwa Nokia 2110 ya mwaka 1994. Sikiliza Gran Vals yote siku moja, haipiti dakika nne. Ukifika penye kile kipande utashtuka: utatafuta simu mfukoni.

Nimechagua Nokia sababu inanisaidia kuonyesha njia moja ya zamani, yenye haiombi intaneti wala mega, na ni nzuri sana. Kuna Mwingereza moja, Denys Parsons, mwaka 1975 alitoa kitabu cha kutafutia nyimbo. Kabla yake, mwaka 1948, Wamarekani wawili, Barlow na Morgenstern, walikuwa wametoa kamusi ya nyimbo za vyombo, lakini kuitumia ilikuomba ujue noti. Parsons alifikiria mtu wa kawaida, mwenye hajui noti hata moja. Akasema: usijali noti inaitwaje, usijali urefu wake. Andika tu kama sauti inapanda, inashuka, ao inarudia palepale.

Tuandike kwa Kiswahili: P ni panda, S ni shuka, R ni rudia. Noti ya kwanza unaweka nyota, sababu haina yenye ilitangulia. Sasa imba mlio wa Nokia polepole kichwani. Utapata: nyota, S S P P, S S P P, S S P P. Shuka shuka panda panda, mara tatu. Noti 13, na njo yote. Jaribu na ile Für Elise ya Beethoven, yenye vichezeo vya watoto vinaimbaka: nyota, S P S P S P S S. Mnaona? Kwa herufi nane hivi muziki mmoja unaachana na maelfu mengine. Parsons alipanga hizo herufi kama kamusi, unatafuta kama unavyotafuta neno. Leo kuna tovuti inaitwa Musipedia yenye inapokea mtindo huohuo: unaingiza herufi (kule zinafuata Kingereza: U kwa kupanda, D kwa kushuka, R kwa kurudia), nayo inakuletea nyimbo zenye zinafanana. Kasoro yake ni kwamba inajua zaidi muziki wa zamani wa Ulaya. Rumba ya Kinshasa usiitafute kule.

Sasa Shazam, sababu najua wengi walikuwa wanangoja nifike hapa. Wengi wanadhani Shazam "inasikia nyimbo" kama mtu anavyosikia. Hapana.

Panda usiku kwenye vilima vya juu ya Uvira, wakati mwezi hauko, na uangalie ziwa. Wavuvi wa ndagala wametoka na taa zao. Huoni mitumbwi, huoni watu, huoni nyavu. Unaona taa tu. Lakini ule mpango wa taa, hii iko karibu na hii, ile iko mbali na zile mbili, ni wa usiku huo peke yake. Mtu akikuonyesha picha ya kipande kidogo cha ziwa usiku huo, unaweza kusema: hii ni pale mbele ya Kalundu. Hata taa za pikipiki za barabarani zikiingia ndani ya picha, bado utautambua mpango.

Shazam inafanya hivyo na sauti. Inachukua sekunde chache, inatupa karibu yote, inabakiza zile pointi zenye nguvu kuliko majirani zao: sauti fulani, kwa wakati fulani. Njo taa hizo. Kisha inapima taa mbili mbili: kati ya hii na ile kuna umbali gani wa wakati, na kila moja iko juu kiasi gani. Hayo mapimo njo alama ya kidole cha muziki, na inayalinganisha na mamilioni yenye iko nayo. Mwenye alivumbua mtindo huo anaitwa Avery Wang. Huduma ilianza Uingereza mwaka 2002, kabla ya simu za kisasa: ulikuwa unapiga namba 2580, unaweka simu karibu na baffle, inakata yenyewe, kisha unapokea mesaji yenye jina la nyimbo. Apple ikainunua kampuni mwaka 2018.

Kutoka kwenye mfano wa taa mnaweza kufahamu mwenyewe kwa nini inashindwa. Wavuvi walewale wakitoka kesho, pahali palepale, taa zitakaa tofauti. Kwa hiyo Shazam haijui muziki. Inajua rekodi moja ya muziki. Mtu akipiga upya nyimbo ileile na gitaa yake, hata aipige vizuri namna gani, kwa Shazam hiyo ni usiku mwingine. Na ukiongeza mwendo wa rekodi kidogo ili iingie ndani ya sekunde 30 za pub, taa zote zinasogea. Zaidi ya yote, kama rekodi haijawekwa kamwe ndani ya hazina yao, hakuna cha kulinganisha, hata ungeisikilizisha siku nzima. Kitu moja kizuri kwa sisi watu wa koneksheni ya kubahatisha: ukiwa bila mtandao, programu inaweza kuhifadhi ile alama na kuitafuta baadaye ukirudi kwenye mtandao. Usiache muziki upite eti sababu mega zimeisha.

Kuna pia njia ya kuimba kwa mdomo uliofungwa. Google iliitoa Oktoba 2020: unabonyeza maikro, unaguna muziki sekunde kumi ao kumi na tano, inakuletea yenye inafanana. Kabla yake kulikuwa SoundHound, yenye jina lake la kwanza mwaka 2007 lilikuwa Midomi (nami nilipoona jina hilo nikasema hawa watu walipitia kwetu: Midomi, midomo). Hii njia haitafute taa. Inatafuta umbo la nyimbo, kupanda na kushuka, karibu na wazo la mzee Parsons lakini na hesabu nyingi zaidi. Kwa hiyo inaweza kukamata nyimbo hata kama imepigwa na chombo kingine. Lakini na yenyewe iko na njaa ya nyimbo maarufu. Ukiguna kitu chenye dunia haikijui, itakupa kitu chenye dunia inakijua, na kwa ujasiri mkubwa.

Sasa ile sehemu yenye inachosha watu: matangazo mengi, na hasa video za mashirika, hayatumie nyimbo ya mtu maarufu. Yanatumia muziki wa maktaba. Hii si maktaba ya vitabu. Ni nyumba zenye zinatengeneza muziki kabla ya mtu kuuomba, zinaupanga kwa hali: wa furaha, wa huzuni, wa matumaini, wa kampuni, wa michezo. Mwenye filamu anakuja, anachagua, analipa leseni, anaondoka. De Wolfe ya London inafanya kazi hiyo tangu 1909, wakati filamu zilikuwa bado bubu. Intaneti ikaifungua kazi hiyo kwa watu wote. Mmarekani Kevin MacLeod ameweka mamia kwa mamia ya muziki wake wazi, kwa sharti la kutaja jina lake. Mfaransa Benjamin Tissot aliunda Bensound, na kama umeangalia video kumi za mashirika zenye watoto wanacheka wakinawa mikono, basi umesikia muziki wake wenye unaitwa Ukulele, ao ndugu yake. YouTube nayo ilifungua maktaba yake mwaka 2013 na nyimbo 150 za kuanzia.

Muziki wa namna hii unautafuta kwa kufikiri kama mtu wa montage. Yeye hakutafuta kwa jina, alitafuta kwa hali na kwa chombo. Ingia ndani ya maktaba hizo, andika kwa Kingereza jina la chombo na neno lenye maana ya furaha ao matumaini, panga zenye zimetumiwa sana juu, na sikiliza moja moja. Ukijua mwendo, yaani mapigo mangapi kwa dakika, unapunguza orodha sana. Hesabu mapigo ya sekunde 15, zidisha kwa 4. Lakini kabla ya kuchoka, soma maelezo ya chini ya video yenyewe. Mara nyingi jina limeandikwa pale, sababu leseni inalazimisha, na hakuna mtu anasoma.

Siri ingine ya kazi: tafuta pub ileile kwa nchi ingine. Kampuni kubwa inatengeneza picha moja na kubadilisha lugha. Pale penye mtangazaji wetu anasema bila kupumua, ule wa Kenya ao wa Zambia ananyamaza sekunde nne, na sekunde nne safi zinaweza kutosha.

Kama unadhani ni watoto wa mtandao tu wenye wanahangaika hivi, kuna kisa cha Marekani chenye kilisimuliwa kwenye kipindi cha radio This American Life mwaka 2014. Mzee mmoja alipenda muziki wenye unapigwa wakati umepiga simu ofisini na wanakuambia ungoje. Alikuwa anasikiliza paka ule wa kungoja! Familia yake ikaufuatilia. Kumbe ni Opus No. 1, na mwenye aliutunga ni Tim Carleton, akiwa kijana wa miaka 16 mwaka 1989, na rafiki yake Darrick Deel ndani ya gareji. Miaka ikapita, Deel akaajiriwa Cisco, kampuni ya simu za ofisi, akapendekeza muziki wao uwekwe ndani ya mashine. Ukaenda dunia nzima. Mwenye amewahi kungojeshwa na ofisi kubwa akiuliza habari za kazi huenda ameusikia.

Kwetu nyumbani nami niko na muziki wenye nilifuatilia. Baba alikuwa mwalimu na alipenda kurekodi radio kwenye kaseti. Kwenye kaseti moja, katikati ya habari na nyimbo, kulikuwa tangazo la sabuni, na nyuma ya sauti ya mtangazaji kulikuwa gitaa kavu, moja tu, inakimbia. Mama alikuwa anaiguna akifua. Baba alifariki. Kisha usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua ikanyesha, mto Mulongwe ukatoka njia yake, na wenye walikuwa hapa hawahitaji nieleze. Kaseti zilienda na sanduku lao. Wengine walipoteza watu, kwa hiyo nyumbani hatukulilia kaseti mbele ya majirani. Lakini ile gitaa ilibaki paka ndani ya kichwa cha mama, na mama naye anazeeka.

Nilimwomba aigune, nikarekodi. Google ikanipa nyimbo ya Krismasi. Nikarudia, ikanipa mchezo wa simu. Shazam sikuijaribu hata, sababu kama nilivyoeleza, mama si rekodi. Nikaenda kwa mwalimu wa kwaya. Ndugu zangu, msidharau walimu wa kwaya: hawa wanaandika kwa sol-fa, do re mi kwa herufi, wakisikiliza mara moja. Akasikiliza mama kwenye simu yangu, akaandika mistari miwili kwenye daftari, akaniimbia kutoka kwenye daftari, na mama aliposikia akasema njo yenyewe. Sasa nilikuwa na muziki kwenye karatasi. Haiwezi kuenda na maji kwa urahisi, nilipiga picha nakala tatu.

Jina lilitoka kwa mzee mmoja wa Kalundu, fundi wa mota za boti, mwenye zamani alipiga gitaa. Nilimwimbia mistari miwili. Hakungoja nimalize. "Hiyo ni Masanga. Ya Mwenda."

Masanga ya Mwenda Jean Bosco, mtu wa Katanga. Hugh Tracey aliirekodi Jadotville, yenye leo ni Likasi, mwaka 1952: gitaa moja, kidole gumba na kidole cha shahada, na unaapa wako watu wawili. Rekodi za Tracey ziko kwenye hazina inaitwa ILAM, yenye alianzisha 1954 na leo iko kwenye chuo kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya vitu vyao inaweza kutafutwa kwenye intaneti. Nikamletea mama. Akasikiliza yote, kichwa kimeinama. Akasema: "Njo hiyo, lakini ile ya baba yako ilikuwa inakimbia zaidi."

Na mama alisema kweli. Kwenye tangazo hakupiga Mwenda. Alipiga mtu mwingine, labda wa hapa, labda wa Bujumbura, mwenye aliiiga Masanga kwa mwendo wake, akapewa kitu kidogo ao hakupewa, akaenda zake. Muziki nimeupata. Mpigaji sijampata, na sina njia ya kumpata, sababu hakuna mtu aliandika jina lake siku ile. Ya Mwenda tunaijua sababu Tracey alipotoka Likasi alikuwa na jina, mahali na mwaka kwenye karatasi. Tofauti yote iko pale.

Angalieni ng'ambo ya ziwa. Usiku tunaona taa za Bujumbura kutoka hapa. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi wapiga ngoma wa Burundi, na mwaka uliofuata sauti ikatoka kwenye sahani ya Ocora, Musique du Burundi. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Paris, Michel Bernholc, akachukua zile ngoma, akaweka piano na gitaa juu yake, akazitoa kwa jina la Burundi Black, na yeye mwenyewe akajiita Mike Steiphenson. Ikaingia kwenye orodha za nyimbo zenye zinauzwa sana Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akaweka ngoma hizohizo ndani ya nyimbo yake The Jungle Line. Miaka ya 1980 ikianza, vikundi vya vijana wa London vikajenga mtindo mzima juu ya mpigo ule. Ukitafuta leo utapata jina la sahani, jina la Vuylsteke, jina la Bernholc. Mwaka 2014 UNESCO iliandika ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na hilo ni jambo zuri. Lakini wale wanaume wenye mikono yao tunaisikia kwenye rekodi ile, hakuna programu itakuletea majina yao.

Na mwangalie pia msidanganywe na jibu la kwanza. Mwaka 1992 Deep Forest, Wafaransa wawili, walitoa Sweet Lullaby, ikaingia kwenye matangazo mengi. Watu wakaamini ile sauti ya mwanamke ni ya misitu ya kwetu huku Afrika ya kati. Kumbe ni Afunakwa, mama wa visiwa vya Solomon, kule Pasifiki, mwenye Hugo Zemp alimrekodi mwaka 1970 akiimba ya kubembeleza mtoto. Hiyo iko na sauti ya mtu, haiko muziki wa vyombo tupu, lakini imekosewa dunia nzima na watu wenye walisoma.

Nirudi kwenye kazi yetu, sababu wengi wenu mnatengeneza spoti za radio na za Facebook kwa maduka ya hapa. Mwenzangu mmoja alitengeneza video ya kikundi cha mama wenye wanakausha samaki. Alinunua kwa mtu wa mtaani flash yenye "muziki wa bure". Siku ya tatu sauti ya video ikazimwa. YouTube iko na mashine, Content ID, tangu 2007, yenye inatumia wazo lilelile la alama ya kidole: ile teknolojia yenye inakusaidia kupata jina la muziki njo inamsaidia mwenye muziki kukupata wewe. Wale mama walikuwa wamelipa dola zao, walitaka wanunuzi wa Bukavu waone samaki, wakabaki na filamu bubu. Kabla ya kutumia muziki wa flash, upitishe kwenye Shazam. Ikikuletea jina, ujue na mashine itakuletea jina.

Sheria yetu nayo iko: ordonansi-loi namba 86-033 ya 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi, na shirika la kukusanya haki hizo, lenye zamani liliitwa SONECA, leo ni SOCODA. Najua mtasema Kinshasa ni mbali. Ni mbali kweli. Lakini kuna kitu chenye hakiombi Kinshasa. Sisi watatu wenye tunafanya kazi pamoja tumeamua kila spoti iwe na karatasi moja na faili moja ya maandishi ndani ya folda yake: nani alitunga, nani alipiga chombo gani, wapi, siku gani, alipewa ngapi. Inachukua dakika tano. Na ndani ya faili ya sauti yenyewe, zile nafasi za jina na mtunzi zenye watu wanaacha wazi, tunazijaza.

Mwezi uliopita tulimwita yule fundi wa Kalundu atupigie gitaa kwa tangazo la duka moja la vifaa vya kujengea. Sekunde 30, nyimbo yake mwenyewe. Tulipofika kwenye karatasi aliuliza kama tunaweza kuandika majina mawili, lake na la mkubwa wake, mwenye alimfundisha na mwenye alikufa kitambo. Mkubwa wake hakupiga kwenye rekodi. Tulijadili kidogo, kisha tukaongeza mstari: "alijifunza kwa", na jina.